Adabu ya Kuomba si Somo la Watoto

Walimu wengi wa Kiingereza hapa Tanzania huamini kwamba kuomba kwa adabu ni somo la shule ya msingi. Mwanafunzi akishajua kutia "please", amehitimu. Aliye kidato cha sita apewe insha, ufupisho na fasihi. Nathubutu kusema kwamba imani hiyo ni potofu, na wanaoumizwa nayo ni wale wale tunaojivunia kuwa wameiva katika Kiingereza.

Anayebabaisha lugha husamehewa. Akisema "Give me water", mwenyeji hutambua kwamba maneno yamemwishia. Lakini msomi fasaha, mwenye shahada yake, akimwandikia profesa wa Uingereza "I want you to write me a recommendation, please", nani atalaumu sarufi? Sarufi haina kosa. Atalaumiwa yeye, kwamba ana kiburi. Kosa la lugha limegeuka kuwa kosa la tabia, na wala hatajua kwa nini hakujibiwa.

Kiburi hana. Amelelewa katika lugha inayoweka adabu yake mahali pengine. Mswahili hutanguliza salamu, huuliza habari za nyumbani, humwita mwenzake mama, kaka au mzee, ndipo aseme "Naomba maji" au "Nisaidie kalamu". Ombi laweza kuwa fupi kwa sababu heshima imekwisha kutangulia. Kiingereza huitia heshima ndani ya kitenzi chenyewe: "Could you", "Would you mind", "I was wondering if". Penelope Brown na Stephen Levinson, katika kitabu chao cha mwaka 1987 kuhusu adabu katika lugha, walieleza kwamba ombi humbana anayeombwa. Mizunguko ya namna hii humwachia mlango wa kukataa bila mtu kuaibika.

Nasi tunafundisha nini? Kwamba "could" ni wakati uliopita wa "can", basi. Matokeo yake, mwanafunzi awezaye kuchanganua sentensi za masharti za kila aina huombwa "Would you mind opening the window?" naye hujibu "Yes" kwa moyo mkunjufu, akidhani amekubali, kumbe amekataa.

Wapo watakaosema huu ni utumwa wa mawazo: ya nini kujifunza unyenyekevu wa Waingereza? Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama sisi wenyewe tusingedai vivyo hivyo. Mgeni akimkuta mzee barazani na kusema "Tafadhali nionyeshe njia" bila shikamoo wala habari, tunanong'ona kwamba hana adabu, ingawa "tafadhali" ameitamka. Tunachomdai yeye katika lugha yetu, wenzetu wanatudai katika yao.

Basi hapana budi somo hili lirudishwe kwa wakubwa. Mwanafunzi apewe ombi moja, aliombe kwa rafiki, kwa mkuu wake wa kazi na kwa mtu asiyemjua, kisha aeleze kwa nini maneno yamebadilika. Na mtihani umpime katika hilo. Wahenga walisema mwomba chumvi huombea chungu chake. Vijana wetu wanakwenda kuomba nafasi za masomo, kazi na mikopo kwa Kiingereza. Tusiwaache warudi na chungu kisicho na chumvi kwa neno ambalo tungeweza kuwafundisha darasani.