Patro alizunguka kidogo, akasema: «Iko sawa»

Wengi kati yenu mumeona ku televizio mashindano ya motokari ya Wamarekani, yale ya NASCAR. Motokari zaidi ya makumi tatu zinazunguka masaa mengi, na watu wanapiga kelele. Wengine wanacheka: «Ile nayo ni kazi? Kuzunguka tu!» Siye tunasema ni kazi, na watu wa mine wataielewa mbele ya wengine wote. Musikie habari ya mgomo mmoja.

Ilikuwa mwezi wa 9, mwaka 1969, kule Talladega, jimbo la Alabama. Kiwanja kilikuwa kipya, na motokari zilifika karibu kilometa 320 kwa saa. Shida ilikuwa mipira ya magurudumu: kwa mbio ile, ilichanika kisha mizunguko kidogo tu. Mashofere walikuwa wamejiundia sendika, mkubwa wake Richard Petty. Wakaomba mashindano yangoje mpaka ipatikane mipira yenye kufaa.

Bill France, mwenye kuanzisha NASCAR mwaka 1948 na kujenga kile kiwanja, akakataa. Mzee wa karibu miaka 60, aliingia mu motokari yeye mwenyewe, akazunguka kwa mbio ya zaidi ya kilometa 270, akatoka: iko sawa. Petty na wenzake zaidi ya 30 wakapakia motokari zao, wakarudi kwao. Patro akatafuta mashofere wengine, wengi wa mashindano madogo, na kazi ikaendelea. Aliyeshinda ni Richard Brickhouse, na hakushinda tena hata siku moja mu daraja lile. Sendika nayo haikudumu.

Hatumtukani yule mzee, moyo alikuwa nao. Lakini kuzunguka mara kidogo peke yako haiko sawa na kukimbia kilometa 800 katikati ya wenzako. Tunawajua wakubwa wanaoshuka chini na kaske mpya, wanapigwa picha, wanapanda. Ule hajafanya posti. Hali ya jiwe la juu inajulikana na mutu anayetumika chini yake.

Lakini neno letu halielekei patro peke yake. Tarehe 18 mwezi wa 2, mwaka 2001, kule Daytona, Dale Earnhardt, bingwa mara 7, aligonga ukuta mu mzunguko wa mwisho, akafa. Mufupa wa chini ya kichwa ulivunjika. Chombo cha kushika kichwa na shingo kilikuwa kimekwisha kutengenezwa tangu miaka ya 1980, lakini yeye hakukivaa, na wengi walikuwa hawakipendi. Mwaka 2000 wenzao watatu walikuwa wamekwisha kufa mu motokari za NASCAR. Mmoja wao ni Adam Petty, miaka 19, mujukuu wa yule Richard wa mgomo.

Kisha kifo cha Earnhardt, chombo kikawa cha lazima mwezi wa 10 wa mwaka uleule. Mwaka uliofuata wakaanza kuweka kuta za chuma na povu zenye kupunguza nguvu ya kugonga. Tangu pale mpaka leo, hakuna shofere hata mmoja aliyekufa mu mashindano ya daraja la kwanza. Basi iliwezekana! Kwa nini ilipaswa kungoja mkubwa afe?

Ndugu zetu, kaske na mukaba, muvae, hata kama vinasumbua. Jiwe likianza kulia, musinyamaze juu ya kuogopa kapita. Nanyi wamama, mubaba akirudi nyumbani na kusema kwamba mahali fulani si pazuri, musimwambie avumilie tu. Na patro akisema «iko sawa, tumikeni», tumuulize kwa heshima: utabaki nasi humu mpaka mwisho wa posti?