Viti vitupu vya Blackpool, na kwa nini Old Trafford bado inajaa

Tarehe 28 Mei 2017 klabu ya Blackpool iliifunga Exeter City mabao 2-1 katika uwanja wa Wembley na kupanda daraja. Kwa timu ya mji wa pwani ya kaskazini-magharibi mwa England, siku kama hiyo kwa kawaida ni ya kukodi mabasi na kuuhamishia mji mzima London. Safari hii maelfu ya mashabiki wake walibaki nyumbani kwa makusudi. Fainali hiyo ya mchujo ilihudhuriwa na watu 23,380, katika uwanja wenye nafasi 90,000.

Hawakukosa tiketi wala nauli. Walikuwa wamesusia, na walikuwa wamesusia kwa muda mrefu. Msimamo wao ulikuwa mmoja: hata peni moja zaidi haitaingia mfukoni mwa familia ya Oyston, iliyokuwa ikiimiliki klabu hiyo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980.

Tunairudia habari hii kwa sababu swali lake linaulizwa sasa karibu kila nchi yenye ligi ya kulipwa. Shabiki asiyemtaka mmiliki wa klabu yake ana nini mkononi zaidi ya sauti? Jibu la haraka ni kwamba aache kwenda uwanjani, mmiliki akose mapato, aondoke. Blackpool inaonyesha kwamba mambo hayaendi hivyo, hata pale mgomo unapofanikiwa.

Fedha zilikwenda wapi

Blackpool si klabu ya kupuuzwa. Ilitwaa Kombe la FA mwaka 1953 ikiwa na Stanley Matthews. Mwaka 2010, chini ya kocha Ian Holloway, iliifunga Cardiff 3-2 na kurejea ligi ya juu kwa mara ya kwanza tangu 1971. Msimu uliofuata iliifunga Liverpool nyumbani na ugenini, ikashuka siku ya mwisho kwa kufungwa 4-2 na Manchester United. Ilikuwa na pointi 39, ambazo misimu mingine zinatosha kumbakisha mtu salama.

Mashabiki wangemeza hilo, maana kushuka ni sehemu ya mchezo. Lililowachoma ni hesabu za klabu. Katika msimu huohuo wa Ligi Kuu, kampuni ya Owen Oyston, mmiliki mkuu, ililipwa pauni milioni 11. Mashabiki wakaanza kutazama huku na huku: uwanja wa mazoezi wa Squires Gate ulikuwa duni vilevile, na kikosi kilikuwa kikipungua. Kiangazi cha mwaka 2014, wiki chache kabla ya msimu kuanza, timu ilikuwa na wachezaji wanane tu wenye mikataba. Ikamaliza msimu ikiwa ya mwisho, na pointi 26.

Hapo uhusiano ukageuka uadui. Karl Oyston, mwana wa Owen na mwenyekiti wa klabu, aliadhibiwa na chama cha soka cha England kwa ujumbe wa matusi aliomtumia shabiki. Familia hiyo iliwafikisha mahakamani baadhi ya mashabiki kwa madai ya kukashifiwa mtandaoni. Kumshitaki mteja wako anayelalamika ni jambo ambalo hata muuza duka wa mtaani hufikiri mara mbili kabla ya kulifanya. Tarehe 2 Mei 2015, katika mechi ya mwisho ya msimu dhidi ya Huddersfield, mashabiki waliingia uwanjani, wakakaa katika duara la kati, na mechi ikavunjika.

Mgomo wenyewe ulikuwa na mantiki ya kifedha. Timu inayoshuka kutoka Ligi Kuu hupewa fungu la haki za televisheni kwa miaka kadhaa ili isianguke kwa kishindo, na fungu hilo likiwapo, mmiliki anaweza kuvumilia viti vitupu. Fungu la Blackpool liliisha mwaka 2015. Kuanzia hapo viingilio vikawa na uzito, na ndipo watu wakaacha kwenda. Uwanja wa Bloomfield Road, uliokuwa ukipokea zaidi ya 15,000 katika msimu wa Ligi Kuu, ukabaki na idadi rasmi ya 3,000 hadi 4,000 katika mechi nyingi.

Nani alimwondoa Oyston

Jambo hili husahaulika kila habari ya Blackpool inaposimuliwa kama ushindi wa mashabiki. Viti vitupu havikumwondoa Owen Oyston. Miaka miwili ya mwanzo ya mgomo ilipita naye akiwa palepale, na timu ikashuka tena hadi daraja la nne. Aliyemwangusha ni mwekezaji mwenzake, Valeri Belokon kutoka Latvia, aliyeingia mwaka 2006 na baadaye akaenda mahakamani kulalamika kwamba yeye, mwenye hisa chache, anapunjwa.

Novemba 2017 Jaji Marcus Smith wa Mahakama Kuu alikubaliana naye. Alisema fedha za klabu zilichukuliwa isivyo halali kwa manufaa ya familia, akaamuru hisa za Belokon zinunuliwe kwa pauni milioni 31.27. Oyston alilipa sehemu tu. Februari 2019 mahakama ikateua msimamizi wa kuiuza klabu ili deni lilipwe, na mlango ukafunguka.

Je, mgomo ulikuwa bure? Hatuoni hivyo. Ulimnyima mmiliki fedha za viingilio wakati ambao alizihitaji. Muhimu zaidi, kila mnunuzi aliona kwa macho yake kwamba wateja wapo, wanasubiri tu jina la mlangoni libadilike. Machi 9, 2019, mechi ya kwanza ya nyumbani baada ya Oyston kuondolewa, watu 15,871 walifurika kuona sare ya 2-2 na Southend. Miezi michache baadaye Simon Sadler, mfanyabiashara mzaliwa wa mji huo, akainunua klabu.

Ila gharama yake ilikuwa kubwa, na haikulipwa na Oyston peke yake. Mtoto aliyekuwa na miaka minane mgomo ulipoanza alirejea uwanjani akiwa na kumi na miwili, kama alirejea. Umri huo ndio ambao watoto huchagua timu ya maisha. Mzee aliyekuwa akikaa kiti kilekile tangu enzi za Matthews hakuwa na miaka minne ya kuchezea. Familia ziligawanyika kati ya waliokwenda na waliosusia, na wachezaji, ambao hawakumwibia mtu, walicheza mbele ya plastiki za rangi ya chungwa.

Kwa nini si Manchester United

Wasikilizaji wengi wa Afrika Mashariki wanaujua mgogoro mwingine zaidi kuliko huu. Familia ya Glazer iliinunua Manchester United mwaka 2005 kwa takriban pauni milioni 790, sehemu kubwa ikiwa mkopo uliobebeshwa klabu yenyewe. Maandamano yamekuwapo tangu siku ya kwanza. Tarehe 2 Mei 2021, miaka sita kamili baada ya mashabiki wa Blackpool kukaa katikati ya uwanja wao, wale wa United waliingia Old Trafford na mechi na Liverpool ikaahirishwa. Mwaka 2024 Jim Ratcliffe alinunua zaidi ya robo ya hisa, lakini Glazer bado ndio wenye wingi, na mwishoni mwa mwaka huo tiketi zilizobaki za mechi za nyumbani zilipandishwa hadi pauni 66, watoto na wastaafu wakiwa humo humo bila punguzo.

Hata hivyo Old Trafford inajaa watu zaidi ya 70,000. Shabiki wa zamani akiacha kiti chake, nyuma yake kuna foleni, na mgeni anayekuja mara moja hulipa tiketi ghali zaidi na kununua jezi juu yake. Viingilio pia ni sehemu moja tu ya mapato, pamoja na televisheni na wadhamini. Tangu mwaka 2022 Ligi Kuu ya England inapata fedha nyingi zaidi kwa kuuza matangazo nje ya Uingereza kuliko ndani. Kwa hiyo anayelipia king'amuzi Mombasa, na mwenye kibanda umiza Tandale anayetoza kiingilio, wamo katika hesabu hii. Shabiki wa Manchester anayekaa nyumbani kwa hasira anafidiwa, bila kukusudia, na shabiki wa mbali anayewasha televisheni kwa mapenzi.

Wajerumani wana njia nyingine kwa sababu wana kitu ambacho Waingereza hawana. Kanuni yao ya 50+1 inataka wanachama wa klabu wawe na wingi wa kura, ingawa zipo klabu chache zilizoachiwa. Desemba 2023 klabu 24 kati ya 36 za madaraja mawili ya juu, idadi ileile ya chini iliyohitajika, ziliidhinisha mpango wa kuuza sehemu ya mapato ya matangazo kwa mwekezaji. Mashabiki hawakususia. Waliingia, wakakaa kimya dakika 12 za mwanzo, kisha wakamwaga mipira ya tenisi uwanjani hadi mechi zikasimama. Februari 21, 2024, ligi ikaachana na mpango huo. Viongozi wa klabu walijua kwamba wanaorusha mipira ndio haohao wanaokaa kwenye mkutano mkuu.

England imeamua kupitia sheria. Baada ya klabu ya Bury kufukuzwa kwenye ligi mwaka 2019 na jaribio la Super League mwaka 2021, Bunge lilipitisha sheria iliyoanza kuwa rasmi Julai 2025, inayounda mdhibiti huru wa soka. Atawachunguza wamiliki na kuzitaka klabu ziwasikilize mashabiki. Mmiliki anayefaa kisheria lakini anayechukiwa na jukwaa zima ataendelea kukaa.

Tanzania nayo ilichagua upande wa Wajerumani ilipoweka kwamba wanachama wa klabu zao wabaki na asilimia 51, na mwekezaji asizidi 49. Kwenye karatasi, mwanachama wa Simba ana nguvu ambayo shabiki wa Blackpool alilazimika kuisubiri mahakamani. Itakavyotumika pale mwenye asilimia 49 ndiye anayelipa mishahara ni jambo ambalo mikutano mikuu ya klabu ndiyo italijibu.