Binti Anapojiandaa kwa Mtihani wa Seva



Mwezi huu tunazungumza na mama wa Karagwe na Kyerwa ambaye binti yake amerudi kutoka chuoni na cheti cha kompyuta, lakini kazi bado hajapata. Sasa anasema, "Mama, nataka kufanya mtihani wa seva." Ada inapita dola 300 za Marekani. Hiyo ni fedha ya kahawa, ambayo watoto wengine nao wanaingojea. Je, tumkatalie? Kwanza tuelewe anachoomba.

Seva ni kompyuta inayozihudumia kompyuta nyingine. Hospitalini hutunza kumbukumbu za wagonjwa. Katika chama cha akiba na mikopo hutunza hesabu za wanachama. Ikizimika, kazi husimama. Kwa hiyo mtunzaji wake anahitajika hata huku kwetu, si Dar es Salaam peke yake.

Mtihani mmoja unaojulikana ni Server+ wa shirika la CompTIA la Marekani. Toleo la SK0-005, lililotoka mwaka 2021, lina maswali yasiyozidi 90 kwa dakika 90, na alama ya kufaulu ni 750 katika kipimo cha 100 hadi 900. Vifaa vya seva vina asilimia 18, uendeshaji 30, usalama na kuokoa data baada ya maafa 24, kutafuta na kuondoa hitilafu 28. Wenye mtihani hushauri mtu awe na uzoefu wa miaka miwili. Basi binti asiharakishwe kulipa. Ajifunze kwanza, ada ije mwisho.

Atafutiwe kompyuta iliyokwisha kutumika, aweke humo Linux, ambayo hailipiwi. Kila siku atende jambo moja: leo asajili watumiaji na kuwapa ruhusa tofauti, kesho aharibu kitu kwa makusudi kisha akitengeneze. Aandike yote katika daftari. Nasi tumpe saa mbili zisizoguswa. Ndoo ya maji aichote kaka yake; mikono anayo.

Lipo somo ambalo sisi wakulima tunalifahamu tayari. Mbegu ya maharage hatuiweki yote mahali pamoja. Mafundi wa seva nao huweka nakala tatu za data, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali na jengo. Diski mbili zinazoandika sawasawa ndani ya seva hazitoshi, maana faili likifutwa kwa bahati mbaya, linafutika kote. Tena nakala ambayo haijajaribiwa kurudishwa isitegemewe. Jioni, jikoni, tumwombe binti atueleze haya kwa Kiswahili. Akishindwa kumweleza mama yake, bado hajaelewa.

Sasa neno gumu. Wapo wanaouza maswali na majibu ya mtihani yaliyoibwa. Binti anaweza kushawishika, hasa akijua fedha ya nyumba nzima iko mikononi mwake. Tumwambie mapema kwamba huo ni wizi. Akibainika, anaweza kunyang'anywa cheti na kuzuiwa kufanya mitihani mingine. Hata asipobainika, siku seva ya hospitali itakapozimika usiku wa manane, majibu ya kukariri hayataiwasha. Tusimtishe kwa ada hadi aone kudanganya ni afadhali kuliko kushindwa.

Mtihani unaweza kufanywa nyumbani mbele ya kamera, mtahiniwa akiwa peke yake chumbani na meza yake ikiwa tupu. Lakini umeme au mtandao ukikatika katikati, mambo huharibika. Kwa sisi wa Kayanga au Nkwenda, ni heri kutenga nauli ya kwenda kituo cha mtihani mjini, na kufika siku moja kabla.

Akishindwa, anaruhusiwa kurudia, ila atalipa tena. Asifokewe. Karatasi ya matokeo huonyesha mambo yaliyomshinda. Tukae naye tuisome, kisha arudi kwenye daftari lake. Mtoto aliyeshindwa kwa haki na kusema kweli nyumbani anaweza kukabidhiwa kumbukumbu za wagonjwa kesho.