Nguruwe Mzima, Utumbo Mgonjwa

Mama mfugaji wa Handeni au Korogwe, usidanganywe na nguruwe anayekula vizuri. Bakteria wa salmonela huingia kwa mdomo, pamoja na pumba au maji yaliyochanganyika na mavi. Wakiivuka tindikali ya tumbo, hujipenyeza katika kuta za utumbo mwembamba, karibu na unapoungana na utumbo mpana, wakazaana humo. Nguruwe aliyetoka kuachishwa kunyonya huhara na kukonda. Mkubwa aweza asionyeshe dalili yoyote, huku akiwatoa katika mavi, hasa akichoshwa na safari ya machinjioni. Handeni maji ni ya shida, najua. Hata hivyo, aliyeosha utumbo asiguse kachumbari kabla ya kunawa kwa sabuni. Nayo kitimoto iive hadi ndani.