Mtoto wa Keringet Naye Aone Gofu

Tajiri wa Nairobi na mkulima wa viazi wa Kuresoi hawakubaliani kuhusu bei ya mbolea, wala barabara, wala nani awe rais. Ila kuna jambo moja wanasema kwa sauti moja: gofu si ya mkulima. Tajiri halitamki, analisema kwa ukuta na lango. Mkulima analisema waziwazi, tena akicheka. Mama mmoja ninayemheshimu sana aliniuliza hapa sokoni Keringet, "Mwalimu, umetoka huku mpaka Nairobi kuangalia watu wakigonga kimpira na kijiti? Si hiyo nauli ungenunua mbegu?" Nilinyamaza kwa heshima. Sasa namjibu, na tajiri naye asikilize.

Ni kweli nauli inauma. Ukitaka kuona Kenya Open kutoka huku kwetu, unapanda nduthi mpaka stejini, matatu ya Molo, nyingine ya Nakuru, nyingine ya Nairobi. Ni zaidi ya kilomita 200, kisha unaomba kulala kwa jamaa Githurai kwa sababu wachezaji wa kwanza huanza jua likiwa bado changa. Ukijumlisha chai na mandazi ya njiani, gunia la viazi limeshaenda. Mimi naona imelipa.

Imelipa kwa sababu mchezo huu hauangaliwi ukiwa umekaa. Unachagua wachezaji watatu, unawafuata nje ya kamba shimo baada ya shimo, yote 18, kama mtu anayefuata ng'ombe malishoni. Ukichoka unakaa chini ya mti, unangoja kundi lingine lipite. Runinga inakuonyesha mpira ukiingia shimoni basi. Haikuonyeshi mchezaji na mbeba mfuko wake wakibishana kwa minong'ono kuhusu upepo, ama mtu mzima akichuchumaa kuisoma nyasi kama mtu anayetafuta sindano. Haikuonyeshi pia jinsi mtu anavyoharibu shimo moja vibaya, akatembea hatua mia mbili bila kusema neno, kisha akaanza upya kana kwamba hakuna kilichotokea. Hilo la mwisho ningependa darasa langu zima lilione kabla ya mtihani.

Mashindano haya yalianza mwaka 1967, na kwa miaka mingi nyumba zake zimekuwa Muthaiga na Karen. Seve Ballesteros alishinda hapa 1978, mwaka uliofuata akabeba British Open. Ian Woosnam alishinda 1986, akaja kushinda Masters 1991. Trevor Immelman alishinda 2000, na Masters ikamjia 2008. Yaani wakubwa wa dunia wamepita hapa wakiwa vijana, mita chache tu kutoka kwa yeyote aliyekuwa amesimama kando ya kamba. Mkenya je? Hajawahi kushinda hata mara moja. Kila mwaka wanaanza wengi, na Ijumaa jioni, wanapokatwa wale wa mikwaju mingi, wengi wao wanarudi nyumbani.

Utaambiwa ni pesa, vifaa na makocha. Sikatai. Lakini kuna sababu inayotangulia hizo zote, na mtu wa Keringet hahitaji kufundishwa. Faith Kipyegon ni wa huku. Dhahabu tatu za Olimpiki katika mita 1500: Rio, Tokyo, Paris. Huku mtoto anakutana na wakimbiaji barabarani alfajiri akienda shule. Anawaona wakihema, anawaona wamechafuka matope, anajua ni watu. Hakuna lango. Mtoto huyo hahitaji semina ya kuambiwa kwamba inawezekana.

Kwenye gofu, mtoto maskini aliyeruhusiwa kuona kwa karibu ni mmoja tu, yule aliyebeba mfuko. Sasa angalia maprofesheno wetu wametoka wapi. Wengi walianza kama makedi! Vilabu vyenyewe vimetupa ushahidi bila kukusudia. Waliofika ni wale walioona, na waliona kwa sababu mgongo wao ulihitajika. Kaunti yetu ya Nakuru ina uwanja pale mjini na mwingine Njoro, lakini kati ya Olenguruone na Kuresoi mimi sijaona bendera ya gofu. Mtoto wa huku hata mfuko wa kubeba hana.

Mtu atasema mchezo wenyewe ni wa gharama. Basi twende Naivasha, hapa hapa kaunti yetu. Safari Rally iliporudi kwenye ratiba ya dunia mwaka 2021, nani aliuliza kama ni ya matajiri? Gari moja la mbio zile linaweza kununua vijiti vya gofu vya kujaza lori. Lakini watu wa Gilgil, Elementaita na Naivasha wanajipanga juu ya vilima, wanakula vumbi, wanajua majina ya madereva. Wanaiita "rally yetu." Bei ya gari haijawafukuza, kwa sababu wameliona likipita.

Kenya Open nayo inabeba jina la Magical Kenya, jina la Bodi ya Utalii, na serikali ni mmoja wa wadhamini. Pesa ya umma ikiingia, mtazamaji wa kwanza anafaa kuwa umma. Lakini ukitembea pale unaona kivuli, viti na meza vimepangiwa nani: wageni wa kampuni, wengi wao wakiupa uwanja mgongo. Sina ugomvi na mtu kunywa kinywaji chake. Nauliza tu kwa nini hema la mgeni asiyetazama linajengwa kila mwaka, na basi la wanafunzi wanaotaka kutazama halimo kwenye bajeti.

Ninachodai ni kidogo. Alhamisi, siku ya kwanza, wakati wachezaji wote bado wamo, iwe ya shule za umma. Si za Nairobi pekee. Basi moja kutoka kila kaunti, walale kwenye shule ya bweni, na wawakute wachezaji wa Kenya kabla hawajakatwa. Mashindano huja muhula wa kwanza, kwa hivyo watoto wako shuleni tayari. Na wale makedi wazee wanaoijua kila nyasi, walipwe siku hiyo kuwatembeza na kuwaeleza.

Najua jibu litakalokuja: watoto watapiga kelele mchezaji akitaka kupiga. Mimi nimefundisha darasa la watoto sitini na tano. Nipeni kamba na mashimo 18, mtaona kama kuna atakayekohoa.