Mtumishi mpya Kasulu, nywila iko steshenari

Ukiajiriwa serikalini leo, iwe chuo kikuu au chuo cha ualimu kule Kasulu, barua ya ajira ni mwanzo tu. Likizo na uhamisho vinaombwa kwenye ESS. Utendaji unapimwa kwenye PEPMIS, mfumo uliochukua nafasi ya OPRAS.

Umeme si kisingizio kama zamani. Mwaka 2022 Kigoma ilianza kuunganishwa na gridi ya Taifa baada ya miaka mingi ya majenereta ya dizeli.

Shida sasa ni mazoea. Wengi huanzia steshenari, wakati wa kuomba kazi Ajira Portal. Kijana wa kaunta anafungua baruapepe, anatunga nywila, anaiandika kwenye daftari. Baruapepe hiyo ikiendelea kutumika kazini, mwenye daftari anabaki na ufunguo. Na ESS ndiko mtumishi anakoombea hata mkopo.

Dawa ni ndogo: siku ya kuripoti, ofisi ya utumishi na watu wa TEHAMA wakae na mgeni, afungue akaunti kwa simu yake, nywila atunge mwenyewe. La sivyo, mshahara wake, ufunguo wa mwingine.