Maji ya Sinki Yakikataa Kushuka

Juma hili twaingia jikoni, wala si kwa ajili ya mapishi. Twataka kuzungumza juu ya yale maji yaliyosimama katika sinki baada ya chakula cha jioni: yana rangi ya kijivu, punje za wali zinaelea, na utando wa mafuta umeshika kandokando. Umeondoa kizibo, umengoja, umerudi tena, nayo yapo vile vile. Watu wengi wakifika hapo huchokoa kwa kijiti mpaka kijiti kikakatikia ndani. Wengine humwita fundi bomba, wakamlipa fedha za siku nzima kwa kazi ya nusu saa. Tena wako wanaomtuma mtoto dukani akanunue dawa ya kuzibulia. Hao ndio wanaotutia hofu, na habari yao tutaisema kwa urefu hapa chini.

Kwanza yafaa ujue kilichoko chini ya sinki lako. Fungua kabati, au inama tu kama halina kabati. Utaona bomba linashuka, kisha linapinda na kupanda kidogo mfano wa shingo ya bata, ndipo linapoingia ukutani. Katika nyumba nyingine, mahali pa shingo hiyo pana kikombe cha plastiki kama chupa fupi. Wako wadhanio kwamba bomba limepinda kwa sababu fundi alikosea vipimo. Sivyo. Katika pindo lile hubaki maji siku zote, na maji hayo ndiyo mlango unaozuia harufu ya shimo isipande jikoni. Alexander Cumming, mtengeneza saa wa London, alipewa hati ya serikali mwaka 1775 kwa choo chenye bomba lililopindwa namna hiyo, na mabomba yetu ya leo bado yafuata njia ile ile. Kwa hiyo fundi akikuambia aondoe kona na kuweka mpira ulionyoka ili maji yapite upesi, mkatalie. Maji yatapita upesi kweli, lakini uvundo nao utapata njia ya kurudi.

Basi kona hiyo, kwa kuwa iko chini, hukamata kila kitu kizito. Majivu na mchanga wa kusugulia masufuria hutuama pale, na magamba ya samaki, na majani ya chai, na ukoko wa ugali. Hata hivyo adui mkubwa ni mafuta. Mafuta ya ng'ombe au ya mbuzi yakiwa moto hutiririka kama maji, lakini yakifika katika bomba lililopoa huganda kama mshumaa. Hata mafuta ya nazi huganda baridi ikishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Ndiyo maana mama aliye Tanga aweza kumwaga mchuzi wa nazi miezi mingi asione neno, na dada yake aliyeolewa Njombe akaona sinki limeziba mwezi wa Julai. Usitumaini sabuni. Sabuni huyasukuma mafuta mbele kidogo tu, na mahali maji yapoapo huganda tena, yakishika punje za wali kama saruji ishikavyo kokoto.

Wala si shida ya nyumba zetu peke yake. Mwaka 2017, huko Whitechapel mjini London, walikuta katika bomba kuu la maji machafu, chini ya barabara, bonge moja la mafuta na takataka lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130 hivi. Ilibidi watu washuke na kulivunja kipande kwa kipande kwa majuma mengi. Bonge hilo lilianzia jikoni mwa watu, kikaango hiki na kile.

Sasa tuseme kazi yenyewe. Kabla hujashika chombo chochote, tazama kama ni sinki la jikoni tu lililoziba, au na bafu pia. Toka nje ufunue chemba. Ikiwa chemba imejaa, taabu iko mbele, katika bomba la nje au katika shimo, na hapo mwite fundi, au mwite mwenye nyumba kama wewe ni mpangaji. Ikiwa chemba ni tupu, taabu iko ndani, na wewe mwenyewe waiweza. Lakini ukisha kutazama, rudisha mfuniko papo hapo. Mtoto mdogo hahitaji dakika mbili kutumbukia.

Punguza maji kwa kikombe, yabaki ya kufunika vidole. Kisha tumia kile kipira cha kuzibulia chenye mpini, kinachouzwa katika maduka ya vyombo. Watu hukosea hapa: hukibandika juu ya tundu kavu na kukipigapiga, wakasema hakifai. Chataka maji yakifunike, na tena kama sinki lina kitundu cha juu cha kuzuia maji yasifurike, au lina mabeseni mawili, huko kwingine kuzibwe kwa kitambaa kilicholowa. Usipoziba, nguvu yote hutokea huko. Sukuma na kuvuta mara 15 hivi bila kupumzika, kisha kiondoe kwa ghafula. Mara nyingi utasikia maji yakishuka kwa kishindo.

Yasiposhuka, weka ndoo chini ya kona. Kona imeshikwa na nati mbili kubwa, na katika mabomba ya plastiki hufunguka kwa mkono. Zungusha kuelekea kushoto ukitazama kutoka upande wa nati. Kile kikombe cha namna ya chupa hufunguka chini. Usishangae kwa kitakachotoka. Sugua ndani kwa brashi kuukuu ya meno, tazama kama ule mpira mwembamba wa duara haujapasuka, kisha urudishe kila kitu mahali pake na kukaza kwa mkono tu, maana ukitumia koleo plastiki hupasuka. Tafadhali, ndoo hiyo usiimwage katika sinki hilo hilo! Tumejua watu waliofanya hivyo, bomba likiwa bado limefunguliwa, wakaosha miguu yao wenyewe. Mwisho mwaga maji mengi na kupitisha kipande cha karatasi kavu chini ya nati. Panapovuja karatasi itaonyesha hata kama jicho halioni.

Kama kona ni safi na maji bado hayapiti, kizuizi kimo katika bomba la ukutani. Hapo yatakiwa waya wa springi wa mafundi. Uingize polepole huku ukiuzungusha. Usiudunge kwa nguvu.

Sasa ile dawa ya dukani. Nyingi ya dawa hizo ni kostiki soda, ile ile ya kutengenezea sabuni, kwa chembe nyeupe au kwa maji. Hatusemi kwamba haina kazi; huyageuza mafuta kuwa sabuni, na mara nyingine hufungua njia. Lakini fikiri inapokataa. Sasa una sinki lililojaa maji yaunguzayo ngozi na macho, na yule atakayekuja kufungua kona hana habari. Ikikutana na maji huchemka kwa joto lake yenyewe, na mafundi wameona plastiki iliyolegea kwa ajili hiyo. Kama umekwisha kuitia, mwambie fundi kabla hajagusa kitu. Wala usiongeze juu yake dawa nyingine. Kostiki pamoja na asidi huruka kwa nguvu, na dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini ikichanganywa na asidi hutoa hewa yenye sumu iwezayo kumwangusha mtu katika jiko dogo.

Tena kuna jambo zito kuliko hayo. Chembe zile zafanana na sukari ya mawe au chumvi. Ile ya maji watu huinunua kwa kupimiwa, wakaitia katika chupa ya soda na kuiweka chini ya sinki, kimo cha mtoto wa miaka miwili. Funda moja laweza kuunguza umio, yaani njia ya chakula, na kidonda kikipona huacha kovu linaloikaza njia. Mtoto wa namna hiyo huweza kushindwa kumeza ugali kwa miaka, akarudishwa hospitali mara kwa mara kupanuliwa koo. Ajali ikitokea, usimtapishe, maana kitu kile kitaunguza tena kikipanda. Usimpe siki wala limau. Msukutue kinywa kwa maji, umpeleke hospitali mara hiyo, na chupa uichukue waganga waione. Ikiingia jichoni, osha kwa maji yatiririkayo dakika 20 au zaidi, halafu nenda hospitali.

Wengi husifu magadi soda na siki. Povu lake lafurahisha macho, lakini vitu hivyo viwili huuana nguvu, na kinachobaki ni maji ya chumvichumvi. Bonge la mafuta halistuki. Maji ya moto peke yake ni bora, ila kama mabomba yako ni ya plastiki yasiwe yale yachemkayo. Yangoje yapoe kidogo.

Kuzuia ni kazi ndogo kuliko zote. Weka mkebe karibu na jiko. Mafuta ya kukaangia yaliyokwisha kazi yamwage humo, yapoe, kisha yaende jalalani. Sahani na masufuria yafutwe kwa kipande cha karatasi kabla ya kuguswa na maji. Juu ya tundu weka kichujio, hata cha bati ulilotoboa kwa msumari, na wenye kusugua kwa majivu wasuuzie nje. Mara moja kwa juma jaza sinki maji ya moto, kisha uondoe kizibo kwa ghafula, ili uzito wa maji yote usukume bomba. Kama una msichana wa kazi, mwonyeshe kwa mkono wako mwenyewe na kumweleza sababu. Na katika nyumba ya wapangaji wengi wanaotumia sinki moja, mpatane juu ya mkebe wa mafuta kabla ya kuziba, kwa sababu baada ya kuziba hakuna jirani atakayekiri kwamba yeye ndiye aliyekaanga.

Tusiwasahau wenye mashine ya kuoshea vyombo, ambayo Josephine Cochrane wa Illinois, Marekani, aliipatia hati mwaka 1886. Ukiikuta na maji yamesimama chini, usikimbilie kulaumu mashine. Kwa kawaida huyasukuma maji yake katika bomba lile lile la sinki. Bomba likiziba, hayana pa kwenda. Zima umeme, toa kichujio kilichoko sakafuni mwake, ukioshe, na upapase polepole kwa ajili ya vipande vya gilasi. Kisha tazama mpira wake wa maji machafu: usiwe umebanwa na kabati, na upande juu karibu na ubao wa meza kabla ya kushuka kwenye bomba. Ukilala chini wote, maji ya sinki hurudi ndani ya mashine na kukaa juu ya vyombo ulivyodhani ni safi.

Neno moja kwa wanaofunga nyumba na kwenda shamba miezi miwili. Wakirudi hukuta jiko linanuka, nao hudhani panya amekufa. Ni yale maji ya kwenye kona yaliyokauka. Mimina jagi moja la maji katika sinki, na jingine katika tundu la bafu, kisha fungua madirisha.